Binti ana ECA na anataka Biashara ya Kimataifa na Uchumi: ni shahada moja au nusu mbili?

#1 MzaziWaChumbageni

Habari za jioni wanajukwaa.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa ECA, na matokeo yaliyotoka wiki iliyopita yamempa B ya Uchumi, B ya Biashara na C ya Uhasibu. Dirisha la udahili limefunguliwa, na nyumbani kwetu hapa Chumbageni hakuna chakula cha usiku kinachokwisha bila jambo hili kurudi mkekani. Yeye amekwisha kuamua: anataka shahada inayounganisha biashara ya kimataifa na uchumi. Mama yake anataka asome uhasibu, kwa sababu kila ofisi ina mhasibu. Mjomba wake, ambaye ametoa mizigo bandarini kwa zaidi ya miaka 20, anasema asome forodha, kwa kuwa meli sasa zinafunga gatini hapa hapa Tanga.

Mimi nina swali linalonikosesha usingizi. Mtaani kwetu kuna vijana wawili waliosoma biashara ya kimataifa. Mmoja anauza vifaa vya simu Ngamiani na mwingine anaendesha bodaboda, ilhali bandari iko mwendo wa miguu kutoka kwao. Je, kasoro iko kwenye shahada, kwa vijana wenyewe, au kwetu sisi wa Tanga? Naogopa shahada ya aina hii isije ikawa nusu mbili zisizofanya kitu kizima. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.

#2 MhitimuWaMakorora

Shikamoo mzee. Mimi nilihitimu shahada ya biashara ya kimataifa mwaka 2019, kwa hiyo huenda nikawa jirani ya hao vijana wako.

Kwa upande wangu kikwazo kilikuwa jina lililoandikwa kwenye cheti. Taasisi moja ya umma ilitangaza nafasi za wachumi, na tangazo likataja shahada zinazokubalika: Uchumi, Uchumi na Takwimu, Mipango, na nyingine zinazofanana nazo. Nilikuwa nimesoma masomo manane ya uchumi, nikaambatisha na orodha ya matokeo yangu ili wayaone. Sikuitwa kwenye usaili. Nilipofuatilia nikaambiwa jina la shahada yangu halimo katika orodha, na maneno "zinazofanana nazo" yalitegemea nani anasoma maombi siku hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, binti akusanye matangazo ya kazi ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, ya serikali na ya kampuni, aandike katika daftari kila jina la shahada lililotajwa. Hiyo ni kazi ya siku mbili tu, na mimi hakuna aliyenieleza niifanye.

#3 MwalimuHisabati_Usambara

Hongera kwa matokeo. Nianze na hesabu, kwa sababu wazazi wengi huingiwa na hofu bila sababu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni masomo mawili ya msingi yenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Binti ana alama 8 katika masomo yake mawili ya juu, kwa hiyo mlango wa kwanza ameupita. Mlango wa pili ndio wenye kufuli: kila programu ina masharti yake katika mwongozo wa udahili, na programu nyingi za uchumi hutazama hisabati, ama ile ya kidato cha nne au BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ya kidato cha sita. Je, BAM amepata nini?

Nauliza kwa sababu nimefundisha hisabati miaka 17, na sikubaliani na #2 kwamba kasoro ni jina la cheti. Vijana wengi huchagua shahada iliyounganishwa wakiamini kwamba nusu ya biashara itawapumzisha na nusu ya uchumi. Mwaka wa kwanza wanakutana na kalkulasi na takwimu, mwaka wa pili au wa tatu wanakutana na ekonometriki, yaani takwimu za kupimia uchumi, wanakariri ili wavuke, na wanahitimu bila kuweza kusoma jedwali la bei na kulieleza. Mwajiri hulitambua hilo ndani ya dakika tano.

#4 MhitimuWaMakorora

Mwalimu, kwa heshima, mimi nilipata B ya takwimu na B+ ya ekonometriki, na bado sikuitwa kwenye usaili. Dakika tano za kuulizwa swali sikupewa.

#5 WakalaWaGatini

Huyo mjomba anasema kweli, na naomba nieleze kwa nini, maana hii ndiyo kazi inayonilisha.

Zamani meli kubwa zilikuwa hazifiki gatini Tanga. Zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari, ikavutwa hadi nchi kavu, ikapakuliwa mara ya pili. Kazi moja ililipiwa mara mbili, na wenye mizigo wakakimbilia Dar es Salaam au Mombasa. Sasa gati lina urefu wa mita 450 na kina kimeongezwa hadi mita 15, na meli inafunga moja kwa moja. Kazi zimeongezeka, lakini ni za watu wanaojua makaratasi.

Kijana mmoja mwenye shahada ya biashara ya kimataifa aliletwa ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Aliongea vizuri sana juu ya utandawazi. Nikampa ankara, hati ya shehena na orodha ya mizigo iliyopakiwa, nikamwambia apange bidhaa kwenye namba zake za ushuru. Aliweka bidhaa moja kwenye fungu la asilimia 25 wakati ilistahili fungu la asilimia 10. Tazameni tofauti yake: mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 10, pamoja na nauli na bima, kwa asilimia 25 unalipiwa ushuru wa milioni 2.5, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 12.5, yaani milioni 2.25. Jumla ni milioni 4.75. Kwa asilimia 10 ushuru ni milioni 1, VAT ni milioni 1.98, jumla milioni 2.98. Mteja angepoteza shilingi 1,770,000, ukiacha tozo ndogondogo, kwa sababu ya namba moja iliyokaa pasipo pake.

Hakuwa mjinga. Katika miaka mitatu hakuna aliyemwekea hati ya shehena halisi mkononi. Cheti cha Afrika Mashariki cha wakala wa forodha, kinachotolewa kupitia Chuo cha Kodi, kingemfundisha hayo kwa muda mfupi zaidi kuliko shahada. Asome forodha.

#6 Nahodha_Sahare

Ndugu wakala, kina ni mita 13. Hayo mengine umesema sawasawa, na hesabu nimeirudia nikaiona iko sahihi.

#7 WakalaWaGatini

Ahsante nahodha, ni 13 kweli.

#8 MamaMachungwa_Muheza

Mimi sikusoma chuo, lakini nimeuza machungwa kwa Wakenya tangu ujana wangu, na nina la kusema juu ya ile nusu ya uchumi ambayo wakala anaitupa baharini.

Wanunuzi wanakuja na malori yao hadi shambani Muheza. Machungwa yanahesabiwa kwa mikono, vijana wawili wanarusha na wawili wanapokea, mmoja anaimba hesabu, na kila mia ikitimia kokoto moja inawekwa pembeni. Malipo mara nyingi yalikuwa kwa shilingi ya Kenya, halafu ninapanda gari hadi mpakani Horohoro kubadilisha. Kwa miaka yote nilibadilisha siku ileile, kwa sababu pesa ya watu usilale nayo.

Januari 2024 binti wa kaka yangu, aliyekuwa anasoma mwaka wa tatu wa shahada ya namna hii anayoitaka mwanao, alikuwa likizo kwangu. Wakati huo dola 1 ilikuwa inafika shilingi 160 za Kenya. Akaniambia: "Shangazi, usibadilishe zote. Kenya ina deni la dola bilioni 2 linaloiva mwezi Juni, na watu wanaiuza shilingi yao kwa kuogopa kwamba haitalilipa. Ikipata mkopo mwingine wa kulipia hilo, hofu itaisha na shilingi yao itapanda." Alikuwa ameandika kwenye daftari la kurasa za mraba, safu moja tarehe, safu ya pili shilingi yao kwa dola, safu ya tatu shilingi yetu kwa dola, na ya nne ameigawa mwenyewe ili kuona shilingi moja ya Kenya inatupa shilingi ngapi za kwetu. Mwezi huo ilikuwa kati ya 15 na 16.

Nilibadilisha nusu, nusu nikaiacha kwa shingo upande. Februari Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, na kufikia mwisho wa Machi dola 1 ilikuwa karibu shilingi 131 za kwao. Shilingi moja ya Kenya ikanipa zaidi ya 19. Ile nusu niliyoibadilisha mapema bado inaniuma hadi leo.

Wakala wa forodha, hata awe hodari vipi, asingenieleza hilo. Mhasibu angeliandika baada ya kutokea.

#9 WakalaWaGatini

Mama, nimekusoma mara mbili. Lakini je, kama Kenya ingekosa mkopo ule? Ungebaki na nusu ya fedha iliyoshuka zaidi. Huo ni ubashiri, na bahati ilikuwa upande wenu.

#10 MamaMachungwa_Muheza

Ndiyo maana aliniambia nusu, mwanangu, na siyo zote.

#11 MchumiMtoro_Dar

Mimi ni mzaliwa wa Pongwe, nafanya kazi ya uchumi Dar es Salaam. Mfano wa #8 ni somo zima la urari wa malipo, yaani fedha zinazoingia na kutoka nchini, na thamani ya fedha, na umeelezwa vizuri kuliko nilivyofundishwa.

Naomba niitetee shahada iliyounganishwa kwa njia nyingine. Mwaka 1817 David Ricardo alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Kutengeneza kiasi fulani cha nguo kwa mwaka Uingereza ilihitaji watu 100 na Ureno 90. Kutengeneza mvinyo Uingereza ilihitaji watu 120 na Ureno 80. Ureno ilikuwa bora katika vyote viwili, na bado Ricardo alionyesha kwamba zote mbili zinafaidika iwapo Ureno itashika mvinyo na Uingereza nguo, kwa sababu Ureno inazidi zaidi kwenye mvinyo. Mwanafunzi wa uchumi peke yake anaishia hapo. Mwanafunzi wa biashara ya kimataifa anaendelea kuuliza: mvinyo huo nani analipia nauli yake, nani anabeba hasara ukimwagika baharini, benki gani itadhamini malipo ikiwa muuzaji na mnunuzi hawajawahi kuonana? Maswali hayo yanahitajiana.

Na sisi wa Tanga tunayo historia inayotulazimisha kuyauliza yote. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Mexico, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62 tu. Kutokana na hiyo 62, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wake. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba ambayo babu zetu walidhani ni ya milele yakaota vichaka. Tulijua kulima, kukata na kusafirisha. Mtu wa kutazama upande wa mnunuzi na kutuambia kwamba anapata kitu kingine cha bei rahisi, huyo tulimkosa.

#12 Mzee_wa_Ngomeni

Kijana, mkonge asili yake ni Mexico, lakini miche ya Hindorf ilipitia Florida, kwa kuwa Wamexico hawakutaka kuitoa. Tena usiwasahaulishe watu kwamba mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa na usimamizi ukayumba. Nilikuwa karani wa mizani shambani, niliyaona makorona, zile mashine za kusindika mkonge, yakisimama kwa kukosa vipuri. Plastiki peke yake haikutuangusha.

#13 MchumiMtoro_Dar

Shikamoo mzee wangu, nakubali kuhusu Florida. Kuhusu 1967 tutabishana, maana bei ilikwisha kuanza kushuka kabla ya hapo.

#14 Mzee_wa_Ngomeni

Marahaba. Bei ilishuka kwa Brazil pia, lakini Brazil wakaendelea kulima.

#15 KaimuKarani

Wazee, mjadala wa mkonge ni mzuri na unastahili uzi wake, ila dirisha la binti linasogea kufungwa.

Mimi nafanya kazi katika kampuni ya usafirishaji hapa mjini, na nina maelezo ya nne ya kwa nini vijana hao hawapati kazi, ambayo hayajaguswa. Mizigo inashuka Tanga, lakini uamuzi haushuki Tanga. Mwenye mzigo, wakala mkuu wa meli, benki inayotoa dhamana ya malipo na bima, wote ofisi zao kuu ziko Dar es Salaam au Nairobi. Sisi wa tawi tunapokea barua pepe inayosema meli fulani inafika tarehe fulani, tunaandaa malori, basi. Kijana wa shahada ya biashara ya kimataifa anafundishwa kufanya uamuzi, na uamuzi haufanyiki katika mji anaotafutia kazi. Hao wawili wa Chumbageni, kama wangehamia Dar mwaka mmoja tu, huenda tusingekuwa tunawazungumzia.

Hata bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani pale karibu yetu, lakini zabuni na mikataba yake haikuandikwa Chongoleani.

#16 MhitimuWaMakorora

Nilihamia Dar miezi kumi na minne. Nauli ya daladala na kodi ya chumba Mbagala vilimaliza akiba ya mama yangu. Ndugu #15, usiliweke jambo hilo kama kwamba ni kupanda basi tu pale Kange.

#17 KaimuKarani

Nimekuelewa, na nakuomba radhi kwa jinsi nilivyoliweka.

#18 MsafiriWaHorohoro

Maelezo ya tano: lugha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza upya ilikuwa Tanzania, Kenya na Uganda. Leo ina wanachama saba, ikiwemo Kongo iliyoingia 2022, na Mkongo mwenye mzigo anazungumza Kifaransa. Kijana wetu ana Kiingereza cha darasani na Kiswahili kitamu cha Tanga, lakini barua ya Kifaransa inamshinda. Nimeona kijana wa kidato cha nne aliyejifunza Kifaransa kwa mapadri akiitwa kutafsiri, akalipwa, akaitwa tena, na sasa ana meza yake.

#19 BintiSomaliPwani

Ni wanane. Somalia ilikamilisha kujiunga mwaka 2024.

#20 MsafiriWaHorohoro

Shukrani dada, wanane.

#21 MzaziWaChumbageni

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila neno, na usiku wa jana niliwasomea nyumbani kwa sauti. Mama yake alimpenda Mama Machungwa, lakini aliposikia "mhasibu angeliandika baada ya kutokea" alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema na aliyeandika analipwa mshahara kila mwezi.

Mwalimu aliuliza BAM: amepata D. Na maswali yangu mapya ni mawili. Mkopo wa bodi unafanyaje kazi kwa kozi hizi? Na kuna jamaa ameniambia nimpeleke nje, kwamba Ujerumani ni bure. Je, ni kweli?

#22 AliyerudiKutokaNje

Mzee, neno "bure" lina mkia. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Lakini ili upate viza unatakiwa kuonyesha fedha za kuishi katika akaunti maalumu, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni yuro 11,904 kwa mwaka. Fedha hizo ni zako na unazitumia kidogo kidogo kila mwezi, ila lazima ziwepo kabla ya kupanda ndege. Tena shahada nyingi za kwanza kule hufundishwa kwa Kijerumani.

Uturuki ina ufadhili wa serikali unaogharamia pia mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na ushindani wake ni mkali. Popote atakapokwenda, ahakikishe kupitia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba chuo kinatambulika, na akirudi apeleke cheti chake kitambuliwe. Mimi nilichelewa kufanya hivyo na nikapoteza nafasi ya kazi iliyokuwa imekwisha kuwa yangu.

#23 DadaWaMikopo

Kuhusu bodi ya mikopo: aombe mapema, na kabla ya kuomba ahakikishe cheti cha kuzaliwa kimethibitishwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kuwa hapo ndipo watoto wengi hukwama siku za mwisho. Mwombaji hupimwa kwa uhitaji wa familia, na kozi inaweza kuathiri kipaumbele, kwa hiyo asome mwongozo wa mwaka huu wenyewe na siyo wa kaka yake. Mkopo unarudishwa. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Wazazi wengi hudhani ni ruzuku, na mtoto anashtuka anapopokea mshahara wa kwanza.

#24 MwalimuHisabati_Usambara

D ya BAM inanipa wasiwasi wa kweli, na siwezi kuuficha. Haimzuii kila mahali, lakini inasema mwaka wa kwanza atahitaji mtu wa kumshika mkono. Kutoka sasa hadi vyuo vifunguliwe kuna wiki kadhaa. Ampate mwalimu, warudie kanuni za kutafuta mteremko wa mstari, logi, na uwezekano. Akitaka, nipo tayari kumwandalia mazoezi bila malipo.

Na kwa #1: mithali yako ya mshika mawili haifai hapa. Mwanafunzi wa uchumi na hisabati hushika mawili na hakuna anayemwambia moja litamponyoka. Kinachomponyosha mtu ni kushika kwa ulegevu.

#25 WakalaWaGatini

Mwalimu, wewe huwa unaiona hisabati hata kwenye supu ya pweza. Binti aje ofisini siku moja na mjomba wake, ajionee makaratasi kabla ya kujaza fomu. Mlango uko wazi.

#26 BintiWaUzi

Shikamooni nyote. Mimi ndiye binti mwenyewe. Baba amenipa ruhusa kuandika.

Nimekwenda ofisini kwa mjomba na kwa ndugu #25 siku mbili. Siku ya kwanza nilipewa faili la kasha moja la vipuri. Ankara iliandika uzito wa kilo 8,640 na hati ya shehena iliandika kilo 8,460. Niliziona namba hizo mara tatu kabla ya kugundua kwamba zimebadilishana nafasi. Mjomba akaniambia kasha hilo lilikuwa limekaa siku 11 kwa sababu ya tarakimu mbili, na mwenye mzigo analipia kila siku. Siku ya pili nilimuuliza kwa nini vipuri hivyo vinatoka China wakati kampuni hiyohiyo ina ghala Mombasa. Hakujua, na wala haikuwa kazi yake kujua. Swali hilo ndilo ninalotaka kulisomea.

Nimefanya alivyosema kaka #2. Nimeandika matangazo 63. "Uhasibu" imetajwa katika 29, "Uchumi" katika 17, "Biashara" kwa ujumla katika 14, na "Biashara ya Kimataifa" kwa jina lake katika 5 tu. Mengine yanataja zaidi ya moja, kwa hiyo msijumlishe. Mama amelibandika karatasi hilo jikoni, upande ulioandikwa uhasibu.

Mwalimu, mazoezi nayaomba. BAM sikufanya vizuri kwa sababu nusu ya kidato cha tano hatukuwa na mwalimu wa somo hilo, ila sitaki hilo liwe kisingizio.

#27 MhitimuWaMakorora

Mdogo wangu, umenifanya nifungue faili langu la zamani usiku huu. Angalia hizo 5: ni za kampuni au za serikali?

#28 BintiWaUzi

Zote 5 ni za kampuni, kaka. Na katika 5 hizo, 3 zinataka pia cheti cha forodha au ununuzi na ugavi.

#29 WakalaWaGatini

Mmesikia. Cheti cha forodha.

#30 MchumiMtoro_Dar

Ndugu, amesema "pia". Shahada imetajwa kwanza.

#31 KaimuKarani

Na je, vituo vya kazi vya hizo 5 viko wapi?

#32 BintiWaUzi

Dar es Salaam 4, na Arusha 1.

#33 MzaziWaChumbageni

Tumeomba vyuo vitatu. Chaguo la kwanza ni shahada iliyounganishwa, kama alivyotaka. La pili ni uchumi, kwa ajili ya lile jina alilolisema kijana wa Makorora. La tatu ni uhasibu, na hilo ameliandika yeye mwenyewe bila kuambiwa, mama yake akiwa amekaa pembeni. Akipata zaidi ya kimoja atathibitisha kimoja. Cheti cha forodha mjomba amesema atamlipia yeye, likizo ya mwaka wa pili. Mazoezi ya mwalimu yamefika, na ukurasa wa kwanza umejaa kalamu nyekundu.

#34 MhitimuWaMakorora

Mzee, mimi ningeweka uchumi wa kwanza.

#35 MamaMachungwa_Muheza

Mwache kama alivyopanga. Na akipata nafasi kabla chuo hakijafunguliwa, mleteni Muheza na daftari lake. Kuna lori la Wakenya linapakia Jumamosi, na safari hii mnunuzi anataka kulipa kwa dola.

#36 MchumiMtoro_Dar

Mama, kabla hujakubali hizo dola: kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Machungwa yako shambani, Muheza. Mwulize binti anasemaje.